Kivuli cha Mzee Mbugua

Saa nne asubuhi Hiram alimpigia dada yake Kui simu kutoka Kitengela: baba yao hakuwa tena na kivuli.

Kui alielewa. Mtu akichoka kuishi, kivuli humwacha kwanza. Mwili hufuata baada ya miezi michache, na hakuna sindano inayokirudisha. Lakini yeye mwenyewe alikuwa amejifungia nyumbani kwake Isinya tangu mazishi ya mumewe mwezi wa Aprili, na hakutaka kwenda popote. Alimwambia Hiram atafute mtu mwingine.

"Amekataa chakula cha kila mtu," Hiram alisema. "Anasema atakula tu kile mama yake amepika."

Mama yake alikuwa Kui. Kui alirithi jina la nyanya yake, mama mzazi wa mzee, na kwa desturi ya Wakikuyu mzee alimwita Maitu, yaani mama, tangu siku aliyozaliwa.

Kui alienda Kitengela, akamkuta mzee sebuleni, mapazia yamefungwa. Mzee alikataa katakata kutoka nje. Kui alipika njahi, maharage meusi ya Kikuyu. Mzee akasema hazijaiva. Kui akaziponda, mzee akasema hicho ni chakula cha mtoto. Kui alichukua mwavuli akaenda sokoni, akagombana na muuza viazi, akarudi, akafua shuka, akapika upya. Majuma matatu yalikwenda hivyo. Kila asubuhi aliamka na hasira, akawasha jiko.

Jumamosi mzee alisukuma sahani kando.

"Haina chumvi, Maitu."

"Jana ulisema iko na chumvi mingi."

"Hiyo ilikuwa ya jana."

Hiram alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

Kui alishika kiti, mzee akiwa juu yake, akakiburuta mpaka uani.

"Kama unataka kufa, kufa hapa kwa jua, nikuone," alisema. "Lakini mimi siziki mtu mwingine mwaka huu. Umesikia, Baba? Siziki."

Kisha akatazama chini. Kivuli cha mzee kilikuwa mchangani, cheusi, kizima, kana kwamba hakikuwahi kuondoka; hata kofia ilionekana. Alimgeukia Hiram. Hiram aliangalia lango.

Mzee hakujishughulisha na chake. Alikuwa ameinama, akiichunguza miguu ya Kui, ambapo kivuli chembamba, cha kwanza tangu Aprili, kilikuwa kimelala mchangani.