Mtani wa Nungunungu

Ngiri na Nungunungu walikunywa maji ya kisima kimoja, na kila walipokutana hapo damu ilimwagika. Hawakugombea maji, maana maji yalitosha. Waligombana kwa sababu ya matusi.

Siku moja Ngiri alifika akiwa amenoa meno. "Wewe mwenye mgongo kama fagio chakavu," alisema, "ondoka hapa."

Wanyama wengine walirudi nyuma, wakingoja miiba isimame. Nungunungu akacheka. "Na wewe, uso huo mama yako aliuzoeaje? Haya, kunywa, mtani wangu."

"Mtani wako nani?"

"Anayenitukana kila siku ni nani, kama si mtani?"

Wote wakaangua kicheko. Ngiri akabaki na meno yake wazi, kwani kumpiga mtani kwa utani wake ni aibu isiyofutika. Akanywa maji, akatukana tena kidogo, akaenda zake.

Masika yalipoingia, mama yake Nungunungu alifariki. Wa kwanza kufika msibani alikuwa Ngiri, kama ilivyo kazi ya mtani.

"Bibi huyu ametuchoma vya kutosha," alisema, huku machozi yakimtoka. Kisha akapiga magoti, akachimba kaburi kwa meno yale yale aliyoyanoa.