Redio ya Bi Sijali

Mzee Nyange aliweka gitaa lake kuukuu la umeme mezani kwa fundi, kisha akaketi kama mtu aliyetua gunia. Kidude cha kupandishia sauti kilikuwa kimekufa, na kipya hakukimudu. Ndiyo maana alileta na redio ya marehemu mkewe.

"Toa cha humu," alisema.

Fundi Mwinchande aliifuta redio vumbi kwa kiganja. "Mzee wangu, nikikitoa, hii haitapanda wala kushuka tena."

"Mwenye kuipandisha yuko wapi?"

Fundi alihamisha kidude, akaunga nyaya, na gitaa likaitika vizuri. Mzee akashukuru, akainuka aende zake.

"Subiri kidogo, mzee. Redio naweza kuifunga ibaki kwenye sauti moja. Bi Sijali alikuwa akiisikiliza vipi?"

Mzee akakaa tena. Miaka yote alikuwa akipiga muziki usiku, analala mchana.

"Chini," alisema. "Chini kabisa. Ili nisiamke."

Fundi akaanza kujaribu, na kila mara mzee alisema, "Punguza. Bado. Punguza tena," mpaka mtangazaji akasikika kama mtu aliye chumba cha pili.

"Hapo."

Alitoka juani, gitaa mgongoni, redio ameibana sikioni. Pale kona, wauza nyanya wawili walikuwa wakigombana kwa makelele. Walipomwona anavyotembea akitega sikio, walinyamaza, wakamngoja apite.