Aliyempa Jina Vunjajungu

Vunjajungu alitua kwenye mdomo wa jungu kubwa kuliko yote, wanawake walipokuwa wanaanza kupanga vyungu vibichi juu ya kuni ili wavichome. Wote wakarudi nyuma. Anayemgusa mdudu huyo hashiki chungu siku hiyo, maana lazima atakivunja.

"Mama, tuache mpaka kesho," Mashavu alimsihi mama mkwe wake, Bi Kazija. "Hilo ni la harusi."

Bi Kazija, aliyelifinyanga, akacheka. "Unajua nani alimpa mdudu huyu jina? Mfinyanzi aliyeangusha jungu lake mwenyewe, akatafuta wa kumsingizia."

Akamchukua vunjajungu kwa vidole vyenye udongo, akamweka begani. Kisha akalikumbatia jungu, akalinyanyua, akaanza kuelekea kwenye kuni. Hakuna aliyethubutu kumsaidia.

Hatua ya tatu, mguu ukamteleza. Wanawake wakashika vichwa. Bi Kazija akasimama, akajiweka sawa.

"Nikiliangusha," alisema bila kugeuka, "semeni ni mimi."

Pale begani, vunjajungu aligeuza kichwa, akalitazama jungu. Bi Kazija akainua mguu.