Ukingo wa Kahawia

Chini ya hadubini ya mpimaji, kila seli ya saratani ya wifi yake ilikuwa imejivika ukingo wa kahawia, kama kikombe cha chai kisichooshwa. Ni rangi ya kipimo iliyoishika ile protini ya juu ya seli inayoichochea saratani ikue na kutambaa, na dawa yake ipo.

Miezi mitatu iliyopita mpimaji huyu huyu aliona ya nini kujisumbua kuijaribu rangi hiyo kwanza. Kumbe rangi ilikuwa imeharibika. Akaandika kwamba protini haipo. Leo amerudia kipimo kwa siri, kwa rangi mpya.

Simu ikaita.

“Wifi yangu, kikohozi hakiniachi. Yale majibu una hakika nayo?”

Mkuu wa maabara akapita, akamgusa bega. “Vipi, kila kitu sawa?”

“Sawa kabisa,” akawajibu wote wawili kwa mpigo mmoja, akakitumbukiza kile kioo chenye seli kwenye ndoo ya sindano zilizotumika.