Kadi Yangu Iko kwa Mama Mkwe

Shoga yangu Salha, nimeposwa! Fadhili kaja na wazee wake, vigelegele mtaa mzima! Mama akaichomoa kadi yangu kwenye plastiki, akamkabidhi mama mkwe, kama desturi inavyotaka.

Sheria unaijua: kadi ya mtu ikigeuzwa, naye anageuka kile kilichochorwa nyuma yake, na aliyeigeuza ndiye pekee anayeweza kuirudisha. Nyuma ya kadi yangu kuna ndege wa bluu, mzuri kweli, ila hana mdomo. Tulivyocheka chuoni! Mimi, na domo hili!

Basi leo nimekuja kwao kusaidia kupika. Sebuleni kuna kabati la vioo lenye kadi za familia nzima, na yangu imo. Zote zinatazama juu, isipokuwa ya baba mkwe. Imelala kifudifudi.

"Baba yuko wapi?" nikamuuliza Fadhili.

Akainamisha macho. "Yupo chumbani. Alikuwa mbishi sana."

Nikasikia kitu kinakwaruza mlango kwa ndani, taratibu, kama kinaomba.

Si unanijua, nikiogopa naropoka. Nikaanza harusi, sare, joto, sinyamazi. Mama mkwe akaacha kukata vitunguu. Akanawa mikono, akaikausha vizuri kwenye kanga.

"Mwanangu," akasema kwa upole, "hivi wewe huchoki kuongea?"

Nimejifungia msalani, nakurekodia. Mwite mama yangu, aje sasa hivi. Mimi naendelea kuongea tu, Salha, maana mradi unanisikia, bado niko upande wa mbele.

Nasikia kabati linafunguliwa.