Glavu ya Ruzuku

Siku hizi ruzuku ya utafiti inakuja na glavu, na daktari wa upasuaji asiye na ruzuku hafiki uprofesa. Glavu ni nyembamba kama ngozi, na inapima kila kinachofanywa na mkono. Kushona mshipa kunakupandisha alama. Kumenya kitunguu kunakushusha.

Mwenzangu Kibonde ameshakuwa profesa. Nyumbani hagusi hata mwiko, mkewe humpakulia. Glavu yake haijawahi kumlalamikia.

Jumapili nilimkalisha binti yangu Atu kati ya magoti, nikachukua kitana.

"Daktari Sekela," glavu ikasema, "kazi hii haihusiani na utafiti."

"Inahusiana. Ule mshono mlionipa ruzuku kwa ajili yake niliutoa kwenye nywele za mtoto huyu."

"Hukuandika hivyo kwenye maombi."

"Ningeandika, mngenipa?"

Ikaanza kunibana vidole. Nikaivua kwa meno, nikaitupa mezani.

"Bila glavu, nafasi yako ya uprofesa inafutwa."

"Ifuteni. Kesho nitapasua kwa mikono hii hii, na wanafunzi wangu watakuja kutazama."

Nikaendelea kusuka. Mara Atu akanishika goti.

"Mama, ona."

Pale mezani glavu tupu ilikuwa inachezesha vidole hewani. Ilikuwa inagawa mafungu matatu na kuyapishanisha, kama mimi. Ikakosea, ikaanza upya.

"Inakuiga," Atu akanong'ona.

Nikageuza kigoda, tukaipa mgongo.

"Mwanangu, huu mstari haitauona," nikamwambia, nikachukua fungu jingine la nywele.