Kizito Huzama

Siku ya tatu ya safari, kabla hatujaufikia mpaka, soli ya kiatu changu cha kushoto ilibanduka. Cha mama cha kulia kilikuwa kimeachia tangu asubuhi.

Sokoni Kismayo nilivichagua mimi. Muuzaji alitusihi tuchukue makatambuga ya tairi, nikakataa. Sisi watu wa kisiwa cha Chula twaogopa kizito, maana kizito huzama. Huku hakuna bahari, ni miiba tu.

Wenzetu walikuwa washatangulia mbali. Mama aliketi, akavua kiatu chake cha kushoto, akakikung'uta mchanga taratibu.

"Mwanapili, miguu yetu ni sawa," akasema. "Chako cha kulia ni kizima."

Akanipa chake.

"Basi pana pea moja kamili."

Hakuinuka.